Chai iliyogeuka barafu: nilivyojifunza kufundisha fizikia ya kompyuta hapa Jinja

Mi ni mwalimu wa fizikia, nafundisha sekondari moja nje kidogo ya mji wa Jinja, Uganda. Kiswahili nilikipata Walukuba, mtaa wa hapa Jinja nilikokulia, baba alikuwa anafanya kazi kiwandani na majirani walikuwa Waluo, Wasamia, Wanubi, Waacholi, kila nyumba na lugha yake, kwa hiyo tukitoka nje kucheza ni Kiswahili tu. Nalisema hili mapema kwa sababu darasani tunafundisha kwa Kiingereza, lakini sehemu moja ngumu kuliko zote katika haya nitakayosimulia ilifunguka kwa Kiswahili, nitafika hapo.

Kwanza nieleze kilichonisukuma. Ukifundisha fizikia miaka mingi unachoka na neno moja, puuza. Mpira umepigwa, tafuta utaangukia wapi, puuza hewa. Pendulamu inayumba, puuza kama imevutwa mbali sana. Mtoto ananyoosha mkono anauliza, sasa mwalimu na hewa je, si ipo? Unamwambia hiyo utaisoma chuo. Na wengi wao chuo hawafiki, kwa hiyo umemwambia hutajua kamwe. Mi hiyo ilikuwa inaniuma kweli. Halafu nikakumbuka kitu tulichokipitia haraka haraka nikiwa nasomea ualimu, njia ya Euler, yule mwanahesabu aliyeichapisha mwaka 1768, kwamba ukitaka kujua kitu kitakuwaje baadaye huhitaji fomula kubwa, chukua hali ya sasa, angalia inabadilika kwa kiasi gani sasa hivi, songa mbele hatua ndogo ya muda, angalia tena, songa tena. Kujumlisha na kuzidisha tu. Mtoto wa S.3, yaani kidato cha tatu, anaweza, na hewa akaiweka ndani.

Tatizo ni kwamba hatua zenyewe ni nyingi, mia, elfu, ndo maana unataka kompyuta.

Sasa shule zetu Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022, karibu miaka miwili, na tuliporudi chumba cha kompyuta kilikuwa vumbi tupu, panya walishakata nyaya. Kati ya mashine 20 zikawaka 9. Nikaomba nipewe Jumamosi mchana nianzishe klabu, wakaja watoto 34, nikawagawa wanne wanne kwenye kila mashine, na nikafanya kile ambacho leo nikimwona mwalimu anakifanya namsimamisha. Niliandika programu yote ubaoni, mistari kama 20 ya Python, lugha ya kuandikia programu, nikawaambia nakilini. Wakanakili. Wakasahau mabano, wakasahau nukta pacha, nikawa nakimbia toka mashine hii kwenda ile kama mtu anayezima moto, na mwisho grafu ikatokea kwenye skrini, mpira unapanda unashuka, watoto wakapiga makofi, na mimi nikafurahi nikajua kazi imeisha.

Wiki iliyofuata nikawauliza, kwa nini ule mstari unashuka kwa mkato mkali kuliko ulivyopanda? Kimya. Nikarudia. Binti mmoja wa mbele, mtoto makini kweli, akaniambia, "Mwalimu, kompyuta ndo ilisema."

Lile jibu nililala nalo. Manake hakukosea, mimi ndiye nilimfundisha hivyo, nilimtolea puuza moja nikampa nyingine, puuza hewa ikawa puuza kufikiri, mashine itafikiri. Hata grafu ingetoka kichwa chini miguu juu wangeinakili tu.

Nikarudi nyuma kabisa. Na kikwazo cha kwanza nilichokikuta sikukitarajia, kilikuwa alama ya usawa. Kwenye programu unaandika T = T + badiliko, T ikiwa ni joto kwa mfano. Kijana mmoja wa hesabu, hodari, akakataa katakata. Akasema hii si kweli, ukitoa T pande zote unabaki na sifuri ni sawa na badiliko, kwa hiyo badiliko ni sifuri, kwa hiyo hakuna kinachobadilika. Na ana haki! Miaka yote tumemfundisha kwamba alama ile ni mizani, pande mbili sawa. Nikaeleza kwa Kiingereza mara ya kwanza, mara ya pili, naona macho hayajafunguka. Basi nikaacha Kiingereza. Mama yake ana duka pale senta, namjua, huwa nachukua sukari na sabuni nalipa mwisho wa mwezi. Nikamuuliza, kwenu pale dukani kuna daftari la mikopo? Akasema lipo. Jina langu limo? Akacheka, akasema limo mwalimu. Nikamwambia, jana mama aliandika nadaiwa 12,000, leo nimechukua sukari ya 4,000, anaandikaje? Akasema anafuta ile ya jana anaandika 16,000. Nikasema ndo hiyo. Deni ni deni ongeza nilichochukua. Upande wa kulia ni deni la jana, upande wa kushoto ni la leo, jina ni moja ila siku mbili. Akakaa kimya kidogo akaniambia, "Kumbe si mizani, ni daftari."

Tangu siku hiyo darasani kwangu hatusemi T sawa na T ongeza kitu, tunasema mpya ni ya zamani ongeza badiliko, na wanasema hivyo kwa Kiswahili hata wale wa Kisoga na Kiganda. Mpya ni ya zamani ongeza badiliko. Fizikia yote ya kompyuta niliyowahi kuwafundisha imekaa ndani ya hayo maneno, kilichobaki ni kuuliza tu hilo badiliko linatoka wapi, na hapo ndo Newton anaingia.

Sasa chai. Jumamosi moja stima ikapotea saa nane mchana, jenereta haina mafuta, watoto wameshakaa. Zamani ningewaruhusu waende. Siku hiyo nikaenda jikoni nikamwambia mama mpishi, mama nisaidie flaski ya maji ya moto na kikombe cha bati, na maabara nikachukua kipimajoto. Nikamimina chai mbele yao, chumba kilikuwa nyuzi 25, chai ilipofika nyuzi 80 tukaanza saa. Baada ya dakika mbili, 74 na nusu. Kwa hiyo imepoteza 5.5. Nikawauliza, chai ilikuwa imezidi chumba kwa ngapi? 55. Na imepoteza 5.5, yaani sehemu ya kumi ya kile ilichozidi. Newton alishasema kitu cha moto kinapoa kwa kasi inayolingana na kile kinachozidi mazingira, basi tuchukulie kila dakika mbili inapoteza sehemu ya kumi ya ziada yake.

Nikawapanga mstari. Kila mtoto ni dakika mbili. Wa kwanza ana 80, anahesabu, anaandika kwenye karatasi 74.5 anampa jirani. Jirani anatoa 25, anapata 49.5, sehemu ya kumi yake ni karibu 5, anaandika 69.6 anapitisha. Wa tatu 65.1. Wa nne 61.1. Wa tano 57.5. Na karatasi inatembea, na chai kweli iko mezani inapoa, na mmoja anasoma kipimajoto kwa sauti kila dakika mbili. Chumba kilikuwa kimya mi sijawahi kuona. Wakaona wenyewe kwamba mtoto wa mwanzo anatoa kikubwa, wa mwisho anatoa kidogo, ndo maana mstari wa grafu unalala. Hakuna aliyesema kompyuta imesema, kwa sababu kompyuta walikuwa wao.

Hapo nikawapa historia kidogo ambayo napenda kila mtoto aijue, kwamba zamani neno kompyuta lilikuwa jina la kazi ya mtu. Watu walikaa ofisini, wengi wao wanawake, wakipitishiana hesabu hivyohivyo. Na mwaka 1962 John Glenn alipokuwa anajiandaa kurushwa kuizunguka dunia, mashine ya NASA ilikuwa imeshatoa hesabu zake lakini alitaka kwanza Katherine Johnson, mama mmoja mweusi wa Marekani, azipitie kwa mkono. Mabinti zangu wakataka kujua zaidi ya hapo, tukakaa nalo mpaka kengele.

Ila kitu kikubwa kilitokea kabla ya kengele. Kijana mmoja alichoka na kupitisha karatasi, akauliza, mwalimu kwa nini tusiruke tu nusu saa mara moja? Ingekuwa rahisi kumjibu. Nikamwambia ruka. Akahesabu: kila dakika mbili sehemu ya kumi, nusu saa ni dakika mbili mara 15, kwa hiyo sehemu ya kumi mara 15 ya 55, ni 82.5. Toa kwenye 80. Akaandika ubaoni hasi 2.5, akasimama anaiangalia. Darasa zima likaanza kupiga kelele, chai imekuwa barafu! Hapa Jinja, kwenye chumba cha nyuzi 25! Mwingine akasema ngoja, jaribu saa nzima. Hasi 85. Endelea saa nyingine. 245. Chai imetoka kwenye baridi ambayo hata Rwenzori juu haipo ikaingia kwenye joto la kukaanga, na hesabu haina kosa hata moja, kila kujumlisha ni sahihi.

Nikawaacha wabishane nusu saa nzima kwamba kosa liko wapi. Aliyepata ni yule binti aliyesema kompyuta ndo ilisema. Akasema ile kasi ya kupoa ni ya chai ya nyuzi 80, na huyu ameitumia kwa nusu saa nzima wakati chai haibaki 80, dakika ya pili tu imeshakuwa nyingine. Nikamwambia ni sawa na boda anayeondoka stejini kwa fujo, wewe ukapima kasi yake pale ukasema ataenda hivyohivyo mpaka Kampala, hujaona kona, hujaona trafiki, hujaona matuta. Lazima umwangalie tena na tena. Hatua ikiwa fupi unamwangalia mara nyingi, ikiwa ndefu unamdanganyia njia.

Kwenye klabu ile tukawa na mazoea, ukileta jibu la mashine lazima upunguze hatua kwa nusu ufanye tena. Jibu likibaki palepale karibu, sawa. Likihama, bado. Hakuna aliyewalazimisha tena, wameshaona barafu.

Na kulikuwa na jambo jingine, hili naliona zuri zaidi. Chai yenyewe na hesabu havikulingana mpaka mwisho. Dakika ya 20 karatasi ilisema 44, kipimajoto kilisema 48. Wakapunguza hatua, hesabu ikapanda kidogo tu, si kufikia 48. Kwa hiyo si kosa la hatua, kuna kitu kwenye chai hatujakiweka. Tukaenda nyumbani bila jibu. Jumatatu asubuhi yule yule binti akanisubiri mlangoni kwa walimu, ana kipande cha jani la mgomba mkononi. Akasema mwalimu, ule moshi wa chai. Ule mvuke unaondoka na joto, na mwanzoni chai ikiwa moto sana mvuke ni mwingi, baadaye unapungua, kwa hiyo ile sehemu ya kumi tuliyoipima mwanzo ilikuwa na mvuke ndani yake, haiwezi kubaki sehemu ya kumi mpaka mwisho. Tufunike tuone. Tukafunika kikombe na jani, tukatoboa tundu la kipimajoto. Dakika mbili za kwanza ilipoteza 3 tu badala ya 5.5. Tukahesabu upya na hiyo 3, karatasi ikasema dakika ya 20 itakuwa kama 56, kipimajoto kikasoma 57. Yule mtoto aliruka. Mi mwenyewe nilitaka kulia, sioni aibu kulisema. Kwenye mtihani swali la kupoa lingekuwa na alama tatu na neno puuza.

Baada ya hapo ndo nikawarudisha kwenye mashine, na si kwa Python moja kwa moja, kwanza spredishiti, LibreOffice ambayo ni ya bure, nikaiweka kwa flashi kwenye zile mashine tisa kwa sababu intaneti ya shule ni ya ofisini. Mstari mmoja wa spredishiti ni mtoto mmoja kwenye foleni, wakaelewa papo hapo. Ukiburuta fomula chini unaongeza watoto 500 kwenye foleni. Muhula uliofuata wakaingia Python, nikiwa na Thonny, programu ya kuandikia Python ambayo inafanya kazi bila intaneti, na safari hii sikuandika kitu ubaoni, niliuliza tu, mpya ni nini, ya zamani ni nini, badiliko linatoka wapi. Mabano waliendelea kuyasahau, lakini sasa walijua wanatafuta nini.

Mwaka ule wa 2022 mwezi wa Novemba setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilirushwa, na Desemba ikaachiwa kutoka kituo cha anga cha kimataifa. Kisanduku cha sentimita 10 kila upande, tungeweza kukiweka juu ya dawati. Tuliporudi muhula mpya wanafunzi wa S.5 wakasema hiyo hiyo tunaitaka. Kituo kile kiko kama kilomita 400 juu, ongeza nusu kipenyo ya dunia 6,371, unapata 6,771 kutoka katikati, kasi ni kama kilomita 7.67 kwa sekunde. Wengi walishangaa kwamba mvutano huko bado ni mita 8.7 kwa sekunde kila sekunde, karibu na wa hapa chini, walidhani huko juu hakuna. Hatua wakaweka dakika moja, wakaendesha. Setilaiti ikaanza vizuri halafu ikawa inajikunjua nje kama nyoka, ilipotimia saa moja na nusu, muda ambao ilitakiwa iwe imerudi ilikoanzia, ilikuwa imekimbia kilomita elfu kadhaa kwenda nje. Wakapunguza hatua kwa nusu kama desturi, ikakimbia polepole zaidi lakini ikakimbia. Tukapata setilaiti inayopanda bure bila mafuta.

Kundi moja la nyuma lao lilikuwa linazunguka vizuri. Duara safi, linarudi palepale. Wenzao wakawaambia mmeiba. Nikaenda nikasoma mistari yao na ya wengine, kila kitu sawa, isipokuwa mistari miwili imepishana. Wengine walisogeza setilaiti kwanza kwa kasi ya zamani halafu wakabadilisha kasi. Hawa walibadilisha kasi kwanza, halafu wakaisogeza kwa ile kasi mpya. Walikosea kunakili kutoka kwenye daftari lao tu. Nikawaambia msiguse kitu, na nikawasimulia jambo ambalo ni la kweli kabisa, kwamba mwaka 1981 mwanafizikia wa Marekani anaitwa Alan Cromer aliandika makala kuhusu njia hiyo hiyo, kwa nini kugeuza mistari miwili kunaifanya nishati isiwe inaongezeka ovyo, na akaeleza kwamba aliyeigundua ni mwanafunzi wa sekondari. Wa sekondari kama nyie. Leo inaitwa Euler-Cromer. Wale vijana wanne walikaa wima siku nzima.

Kuna lililonisumbua na bado linanisumbua. Mzazi mmoja alinijia juu, hii itatoka kwenye mtihani wa taifa wa UNEB? Mtoto wangu anapoteza Jumamosi. Na wakubwa fulani shuleni waliuliza hivyo hivyo, muhula mmoja tukanyimwa chumba kabisa tukawa tunakaa chini ya mwembe na karatasi. Siwalaumu sana wazazi, karo ni mzigo na mtihani ndo unaopimwa. Kilichonisaidia kidogo ni mtaala mpya wa O-level ulioanza 2020, ule wenye asilimia 20 za kazi za darasani na miradi, chai na jani la mgomba nikaziingiza kama mradi wa S.3 na hakuna aliyeuliza tena. Lakini S.5 na S.6 bado ni Jumamosi, bado ni wanaopenda tu.

Mwalimu mwenzangu wa shule ya Bugembe ameniuliza aanze na mashine ngapi. Nimemwambia aanze na flaski. Jumamosi hii napokea S.3 wapya, watoto 31, nimeshaomba vikombe viwili jikoni, kimoja cha bati na kimoja cha plastiki, na chumba cha kompyuta nitakifunga na ufunguo mpaka wiki ya nne. Yule binti wa jani la mgomba yuko S.6 sasa, ameomba awe ndiye atakayesoma kipimajoto.